Senti yenye tundu ya 1936 na kamba ambayo sikuiangalia

Chamgei wakuu. Natumaini mko salama, walio kazini na walio kwa foleni ya benki.

Leo sina senti mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa changu mwenyewe. Kilitokea hapa Sotik, kwenye counter ya duka langu, mchana, watu wakiona. Nitakieleza vile kilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Siwezi kudanganya hata kama ningetaka, kwa sababu mwisho wa uzi huu kuna kitu naomba kutoka kwenu, na mimi siombi mtu huku nikimdanganya.

Ni ndefu kidogo. Weka chai kwa jiko.

Kwanza wageni mnijue. Niliacha shule darasa la sita. Sikuwa mjinga, karo ndiyo ilikuwa ngumu. Nikaanza kununua vyuma kuukuu kwa baiskeli, leo Sotik, kesho Sigowet, kesho kutwa nimelala Kimulot kwa sababu mvua imekataa nirudi. Leo nina hardware yenye jina langu juu, nyumba ya ghorofa nyuma yake, lori mbili, na vijana wa degree wananiita Director.

Sisemi kwa kujisifu.

Sawa, nasema kwa kujisifu, lakini ni kweli.

Huko kwa vyuma kuukuu ndiko nilianza hii mambo ya senti. Zilikuwa zinakuja ndani ya gunia pamoja na vitasa na masufuria yaliyotoboka. Za kawaida niliziuza kwa kilo. Zenye tundu nilishindwa kuuza. Sijui kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu unaweza kuzitundika. Nilipiga msumari kwa ubao, nikatundika moja, nikarudi nyuma nikaangalia, nikaona ni kitu.

Sasa ubao umejaa ukuta mzima. Nina ya Denmark yenye moyo mdogo karibu na mwaka. Nina ya Kongo ya Wabelgiji yenye nyota. Nina ya Palestina yenye maandishi ya aina tatu, kila mtu asome yake. Ya Wachina, ile ya tundu la mraba, haina mwaka kabisa, ina jina la mfalme tu, kazi ni kwako kutafuta huyo mfalme alikaa kitini lini. Ya Japani ilinitesa. Hakuna namba tunayojua. Nilipojifunza kwamba zile za mfalme wao wa wakati wa vita unajumlisha 1925 kwa mwaka wake ndipo upate mwaka wetu, nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Watu wa soko wakaanza kuniita Arap Tundu. Mwana wa Tundu. Sikukasirika. Mtu akiokota senti shambani, anakuja kwangu. Ukiona profesa analetewa senti shambani, niambie.

Zetu za zamani, zile za East Africa, ndizo rahisi. Mwaka uko wazi. Na ukifutika, unasoma jina la mfalme, kwa sababu tundu lilikula uso wake, kulibaki taji na jina tu. Ndio maana 1936 inapendwa na watu kama sisi. Mwaka huo kulikuwa na yule mfalme aliyeacha kiti kwa sababu ya mwanamke, hata mwaka mmoja hakumaliza. Shilingi yenye uso wake hatukuipata huku. Lakini senti zenye tundu hazikuhitaji uso, zikatengenezwa na jina lake. Hazikosekani sana kama watu wanavyodhani, lakini safi ni chache.

Hiyo 1936 muikumbuke. Ndiyo imeniharibia.

Sasa nije kwa Dani.

Dani ni bibi kwa Kijaluo. Mimi ni Mkipsigis, yeye ni Mjaluo, lakini alizaliwa hapa hapa kwa laini za majani chai, zile nyumba za wafanyakazi, anaongea Kipsigis kuliko watoto wangu wa boarding. Jina lake nimemwita Akinyi kwa huu uzi. Umri wake hakuna anayejua sawasawa, tisini haiko mbali.

Nilipokuwa na baiskeli tu, sina duka, Dani alikuwa na kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga. Kanjo, askari wa baraza la mji, walikuwa wakinifukuza kama mbwa. Siku moja wamekuja na lori, mimi nimekimbilia kwake na gunia la vyuma. Akalikalia. Mama mzima, kiatu kimoja, akakalia vyuma vyenye ncha.

Kanjo akauliza, "Mama, hapo chini ni nini?"

"Omena."

"Omena inatoa sauti ya chuma?"

"Imekauka vizuri. Njoo uonje."

Yule kanjo akaenda zake akicheka. Dani akaniambia, "Langat, siku ukiwa tajiri uninunulie kiti, hii omena yako imenidunga."

Nilimnunulia kiti. Cha kuegemea, chenye mto. Kilikuwa ndani ya duka langu, pembeni ya counter, na hakuna mteja aliyekikalia hata awe chifu. Kila siku alikuwa anakuja, anakaa, anatukana wateja wanaochelewesha malipo. Ilikuwa raha.

Mkononi alikuwa anavaa kamba nyeusi, imezungushwa mara mbili, ina senti kumi ya tundu. Nyeusi kwa mafuta. Ukiangalia senti unaona pembe za ndovu kidogo tu, mengine yamefunikwa. Usiku iko kwenye kopo, imepakwa samli. Asubuhi anavaa tena.

Nilimwomba mara nyingi anipe niisome. Alikuwa ananijibu, "Ya kwako iko ukutani. Hii iache."

Niwaeleze ile kamba ilitoka wapi, vile nilikuja kuelezwa na yeye mwenyewe.

Baba yake, nimwite Odero, alitoka kule ziwani miaka ya thelathini mwanzo. Kijana, amesikia kuna kazi huku juu. Wakati huo chai ilikuwa bado inapandwa, msitu unakatwa upande wa Kimulot, baridi ya Mau haijazoeleka na watu wa ziwa. Alikuja na mkewe, blanketi, na bunda la kamba ya wavu aliyosokota mwenyewe kwa paja lake. Kwao walikuwa watu wa nyavu. Mwingine anakuja kazini na jembe, yeye amekuja na kamba. Wenzake kwa laini walimcheka, wakamuuliza anataka kuvua samaki gani ndani ya majani chai.

Lakini kamba ilipata kazi. Watu hawakuwa na mifuko. Mtu analipwa senti, amevaa blanketi, ataweka wapi? Odero akawa anakatia watu kamba, wanatunga senti, wanafunga kiunoni.

Na kwa zile laini kulikuwa na desturi yao. Sikuwahi kuisikia kwetu, na nikiuliza Wajaluo wa ziwani pia hawaijui. Ni ya laini tu, ya watu waliochanganyika, Mjaluo, Mkisii, Mkipsigis, mlango kwa mlango. Mtoto akizaliwa, baba anamfunga kamba kiunoni na senti yenye tundu. Mtoto asianze dunia mikono mitupu. Odero alimfunga Akinyi.

Halafu mti ukamwangukia Odero. Walikuwa wanakata msitu. Akazikwa huko huko juu, hakuna anayejua pahali sasa, pote ni chai.

Habari ilifika kwao ziwani wakati watu wanasherehekea Jubilii ya mfalme, ule mwaka wa 1935. Kule wanahadithia mpaka leo kwa sababu ng'ombe alikuwa amechinjwa na hakuna aliyekula. Maiti haikuweza kuja, basi wakafanya vile wanafanya mtu akifia mbali: wakazika tunda la yago, lile refu zito, mahali pake. Aliyeleta habari alisema Odero amekufa. Hakusema kuna mtoto.

Mkewe hakurudi. Alibaki akichuma majani na mtoto mgongoni. Ndio neno likaanza kule nyumbani, kwamba huyo mtoto alipatikana baadaye, kwa laini, na mtu mwingine.

Dani ameishi na hilo neno maisha yake yote. Hakulilia hata siku moja mbele yangu. Lakini mtu akimuuliza ubini, alikuwa anataja jina la Odero kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.

Basi.

Siku moja wageni wanaingia dukani. Wazee wawili watatu wa kutoka ziwani, wakiongozwa na mmoja mrefu, mpole, nimwite Mzee Ouko. Odero alikuwa ndugu ya baba yake. Wametafuta Dani mpaka wakampata, na wakasikia anakaa kwa hardware. Wanajenga makaburi ya ukoo, wanataka tiles na jiwe la kuchongwa. Kwa jiwe la Odero wanataka kuandika jina lake na chini yake majina ya watoto.

Mzee Ouko akatoa kofia. Akamwambia Dani, "Mama, tumekuja kwa heshima. Mimi ningependa jina lako liandikwe. Lakini niko na wazee nyumbani, na wanasema habari ilipofika hakukuwa na habari ya mtoto."

Dani akasema, "Habari ilibebwa na nani?"

"Mwanaume mmoja wa kijijini."

"Na mwanaume anahesabu mtoto msichana? Angekuwa mbuzi angekumbuka."

Duka lote likacheka. Hata Mzee Ouko akacheka. Akasema, "Mama, hapo umenishinda. Lakini nipe kitu niwapelekee. Kitu cha Odero."

Dani akavua ile kamba mkononi. Akasema, na haya maneno nayakumbuka moja moja, "Kamba hii alinifunga baba yangu kiunoni nikiwa bado na damu ya mama. Kwa mkono wake."

Mzee Ouko akanyoosha mkono.

Mkono wangu ulikuwa karibu zaidi.

Wakuu, nilikuwa nimeingoja hiyo senti miaka. Na hapo kuna watu, kuna wageni, kuna wateja wa simiti wameacha simiti wanaangalia. Nikasema, "Wazee, msisumbuke. Senti ina mwaka. Mwaka haudanganyi. Mimi nitawasomea sasa hivi, na hiyo maneno itaisha leo."

Mtu huko nyuma akasema, "Arap Tundu, onyesha kazi!"

Nikajaribu fundo. Lilikuwa gumu kama jiwe, mafuta ya miaka.

Dani akasema, "Fungua. Usikate."

Nikasema, "Dani, ngoja kidogo."

"Langat. Nimesema fungua."

Nikachukua ile mkasi ya kukatia mabati. Nikakata.

Kamba nikaiacha pale kwa counter. Senti nikaipeleka pembeni, nikaipiga ndimu na jivu. Mnajua sheria yetu hapa, senti ya zamani haioshwi, na mimi ndiye huwafokea wengine. Siku hiyo niliiosha. Nilitaka mwaka.

Pembe zikatoka kwanza. Halafu East Africa. Halafu nikageuza nikaona jina la mfalme, na moyo ukaruka. Yule yule. Aliyeacha kiti. Halafu 1936, safi, kila namba imesimama.

Nikapiga kelele. "Nineteen thirty-six! Wakuu, nineteen thirty-six, na ni safi!" Nikaiweka kwa counter, nikapiga picha na simu, nikaituma hapa hapa kwa forum. Wengine mnakumbuka hiyo post. Mlinipongeza.

Nikiwa nainua kichwa nione nani anashangilia na mimi, hakuna aliyeshangilia.

Mzee Ouko alikuwa anaangalia sakafu. Akasema polepole, "Ndugu ya baba alikufa kabla ya Jubilii. Jubilii ilikuwa thelathini na tano."

Ndipo nikasikia nilichosoma.

Wateja wa simiti wakarudi kwa simiti. Mzee mmoja wa kule akasema kitu kwa Kijaluo, kifupi, Mzee Ouko akamnyamazisha na mkono.

Dani hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Akasema, "Nipe kamba yangu."

Nikaangalia counter. Counter ilikuwa safi.

Nikishatuma picha nilikuwa nimepangusa jivu na maji ya ndimu kwa gazeti, nikakunja gazeti na kila kitu kilichokuwa juu, nikatupa kwa jiko lililochemsha chai yetu. Kamba iliyolala kwenye samli miaka yote hiyo. Iliwaka mara moja tu. Tulisikia ikilia, hakuna aliyejua ni nini.

Dani aliinuka. Akachukua fimbo yake akatoka. Senti aliiacha pale pale.

Sasa mtaniuliza, kwani senti ilidanganya?

Haikudanganya. Mimi ndiye sikujua swali.

Nilikaa wiki kadhaa bila kwenda kwake. Jiwe likachongwa, tiles nikapeleka na lori langu mwenyewe, jina la Odero likaandikwa bila mtoto chini yake. Nikawa naambia watu, ukweli ni ukweli, hata ukiuma. Naona aibu kuandika hayo lakini nilisema.

Kile kiti kilinishinda. Kimekaa hapo kitupu, mteja mmoja mgeni akataka kukikalia, nikamfokea mpaka nikamkosa. Ndipo nikachukua sukari na majani chai nikaenda kwa Dani.

Nilimkuta nje, anachambua mboga kwa vidole, macho yake yana ukungu siku hizi. Akasikia hatua. "Arap Tundu amekuja," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. Yeye ndiye alikuwa haniiti hivyo.

Nikamwambia, "Dani, mimi sikuandika ile senti. Ilikuwa imeandikwa."

Akasema, "Senti ilibadilishwa, nyathina, mwanangu. Kila mara ilibadilishwa."

Nikaweka sukari chini.

"Unafikiri kwa laini senti ilikuwa mapambo? Mtoto akigonjeka, mama ananunua sukari na nini? Chumvi ikiisha, mshahara bado, anaangalia wapi? Anaangalia kiunoni kwa mtoto. Anafungua, ananunua, akilipwa anarudisha nyingine. Wamama wote walikopa kwa watoto. Ile ya baba yangu iliondoka nikiwa na surua. Mama aliniambia. Ilikuja nyingine, ikaondoka, ikaja nyingine. Hiyo umesoma ndiyo ya mwisho tu, iliyopata bahati ya kubaki."

"Sasa kwa nini hukusema pale dukani?"

"Nilisema fungua, usikate. Mama alifungua hilo fundo mara zote hizo hakukata, kwa sababu kamba ilikuwa ya Odero. Ulipochoma, ningesema nini? Senti ilibadilishwa? Nani angenisikia? Wangesema mama mzee ametunga maneno sasa hivi."

Halafu akasema, bila hasira, "Mimi sikusema senti ni ya baba. Nilisema kamba. Wewe ukasikia unachopenda."

Wakuu, mimi nimewahi kupoteza lori nzima ya mbao kwa mto. Sikusikia vile nilisikia hapo.

Asubuhi yake nikawasha gari nikaenda ziwani kwa Mzee Ouko. Nilimkuta chini ya ukuta wa nyumba yake anatengeneza wavu, mzee wa miaka hiyo, vidole vinaenda vyenyewe. Nikamweleza yote. Desturi ya laini, sukari, surua, kamba, jiko.

Alisikiliza bila kusimamisha kazi. Nilipotaja kamba ya wavu, akasimamisha.

"Alikuja huko na kamba ya mkono wake?"

"Bunda zima. Ndiyo alimfunga mtoto."

Akaweka wavu chini. "Omera, ndugu yangu, niambie. Hiyo kamba ilikuwa imesokotwa kuelekea upande gani?"

"Kwa nini?"

"Jibu kwanza."

Nikafikiria. Nikafunga macho nikafikiria. Naona counter. Naona senti, naona kila herufi, naona ile alama ndogo ya waliotengeneza chini ya tundu. Naweza kuchora kila kitu. Kamba naona nyeusi tu. Nyeusi na mafuta.

"Sikuangalia," nikamwambia.

Akapapasa wavu wake kwa kidole. Halafu akaniambia kwamba nyanya yake, mama ya Odero, alihifadhi wavu mmoja wa Odero juu darini mpaka alipokufa. Kila mtoto wa ule mji aliufahamu, kwa sababu Odero alikuwa na namna yake. Kamba zake hazikufanana na za mtu mwingine ukoo mzima. Hata gizani ungeijua kwa kidole.

"Zilikuwa vipi?" nikauliza.

Akatabasamu, lakini kwa huzuni. "Nikikwambia, utaniambia ndivyo ilivyokuwa. Si kwa ubaya. Kwa kumpenda huyo mama. Mimi ningenyoosha mkono siku ile nikaishika, ingeisha hapo hapo. Nilinyoosha, unakumbuka?"

Nakumbuka.

Nikamuuliza, na Dani mwenyewe akielezea? Akasema wazee watasema ameambiwa. Na kweli, nilipomuuliza Dani alisema ni kitu alichovaa tangu akiwa mtoto, alijua ni yake, nani huangalia ngozi yake mwenyewe imeelekea wapi.

Nikiondoka Mzee Ouko alinipeleka kwa kaburi. Tiles zangu zimekaa vizuri, fundi alijitahidi. Akanionyesha jiwe. Jina la Odero, na chini yake pametupu, pamelainishwa.

"Fundi alitaka kushusha jina lijaze katikati," akasema. "Nikamwambia aache. Mstari mmoja. Mtu hajui."

Sasa hapa ndipo nawahitaji.

Ile picha. Nilipiga picha senti ikiwa kwa counter, kabla sijapangusa. Kamba ilikuwa bado pale pembeni. Naamini iliingia kwa picha, kipande, kwa sababu mkuu mmoja hapa alicomment, "Mkuu toa hiyo takataka pembeni, inaharibu senti." Simlaumu. Alikuwa sahihi kwa senti. Mimi jioni yake nikaicrop ikabaki senti peke yake, imejaza picha, nzuri kabisa, nikabadilisha kwa post. Simu ikasave juu ya ile ya kwanza. Nimepeleka simu kwa fundi Kericho, amenirudishia akitikisa kichwa.

Lakini ile ya kwanza ilikaa hapa mchana mzima, na Mzee Ouko akiona msokoto wa kamba kwa picha, atajua. Najua nyinyi. Mimi pia ndivyo nilivyo, senti safi nikiiona nadownload kabla mwenyewe hajaamka.

Mtakaonikejeli, kejelini, nimeshazoea, kuanzia kwa wateja hadi kwa watoto wangu. Mtakaonifundisha kwamba senti haioshwi, najua. Kile nimejifunza sikukipata kwa ubao wangu: mwaka ulio kwa senti unakwambia senti ilizaliwa lini, haukwambii ilikaa kwa nani, na kabla hujasoma kitu cha mtu umuulize yeye anataka kisomwe wapi. Nimeishi nikiangalia kinachozunguka tundu. Sikuwahi kuangalia kinachopita ndani.

Ile 1936 sijaitundika. Iko kwa droo. Kuna watu wameniuliza inbox kama nauza. Siuzi. Dani akiitaka ni yake, lakini nilipompelekea aliishika kidogo akanirudishia, akasema hiyo ni sukari tu.

Amerudi kwa kiti chake, hilo nashukuru. Anakuja, anakaa, anatukana wateja. Lakini akichoka kuongea naona mkono wa kulia unaenda kwa kifundo cha mkono wa kushoto, unatafuta, unakuta ngozi, unarudi kwa mapaja. Kila siku. Mimi naanza kuhesabu misumari ambayo tayari nimeihesabu.

Kama uliiona hiyo post ile mchana wa kwanza, usiniandikie pole. Fungua gallery yako. Ni picha ya senti ya shaba kwa counter ya mbao, bado ina maji. Usiangalie senti.

Angalia kona ya chini, upande wa kushoto. Kuza.